Jumapili Tuliyoacha Kutaja Shule

Mjukuu wangu alifika nyumbani Rukanga siku ambayo hatukumtarajia, akanikuta shambani nikivuna pojo, nimevaa sweta lake la zamani la shule. Ni sweta la rangi ya damu ya mzee, lenye beji ya shule ya kutwa iliyo chini ya mlima Kasigau, alikosoma miaka yake yote ya sekondari. Alipomaliza aliliacha kwenye msumari nyuma ya mlango, nami nikalichukua. Ukungu ukishuka kutoka mlimani asubuhi, baridi huingia mifupani, na mtu wa umri wangu hachagui sana cha kujifunika.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba. Chuo kimefungwa?"

"Tumepewa mapumziko kidogo."

Sikuuliza zaidi. Nimemlea tangu mama yake, binti yangu, alipokwenda kufanya kazi Mombasa, na najua kwamba ukimkimbiza kwa maswali hujifunga kama kobe. Aliweka begi kivulini, akakunja mikono ya shati, tukavuna pamoja hadi jua likawa kali. Nilimshukuru Mungu kwa mikono ile. Tembo walikuwa wameshapita kwa jirani, na nilitaka pojo zangu ziwe nyumbani kabla hawajanikumbuka na mimi.

Mjukuu huyu anasoma sheria Nairobi, katika chuo kikuu ambacho watu wakilisikia jina lake hutikisa kichwa kwa heshima. Silitaji hapa, kwa kuwa sina ugomvi nacho. Siku aliyopata nafasi, kengele ya kanisa ilipigwa ingawa haikuwa Jumapili. Mimi ni msomaji wa kanisa. Nilipelekwa kusomea kazi hiyo nikiwa bado na nguvu, na hadi leo kasisi asipofika, naongoza ibada mimi. Siku ile niliomba sala ya shukrani mpaka sauti ikakauka. Kwa hiyo mnaweza kuona kwamba tulikuwa na furaha kubwa, na kwamba furaha hiyo aliibeba yeye mgongoni alipopanda treni.

Siku chache baada ya kuja kwake, alikwenda bombani kuchota maji akaacha simu dirishani ikichajiwa na sola. Ikalia. Nikadhani ni mama yake, nikaipokea.

"Buda, umepotea wapi?" Ilikuwa sauti ya kijana. Kisha akasita. "Samahani. Naongea na nani?"

"Na nyanya yake. Ameenda kuchota maji."

Akapunguza sauti.

"Nyanya mwenyewe? Yule mgonjwa?"

"Nyanya ni mmoja tu, mwanangu."

"Kumbe umeshatoka hospitali. Mungu ni mwema. Alituambia uko hali mbaya, tukakuombea hapa hosteli. Mguu unaendeleaje?"

Niliutazama mguu wangu. Ulikuwa na vumbi la shambani mpaka kwenye goti, na zaidi ya hapo haukuwa na neno.

"Mguu ni mzima," nikasema, maana huo ndio ulikuwa ukweli.

"Afadhali. Basi mwambie alimkosa mwalimu wetu wa zamani. Alitutembelea Ijumaa, akauliza vijana wake wengine wako wapi. Tukamwambia mmoja ameenda kumwuguza nyanya yake. Alisema hamkumbuki, lakini wanafunzi nao ni wengi."

"Mwalimu wenu wa shule gani?"

Akaitaja. Ni shule ya kitaifa ambayo kila mzazi nchini anaijua, na mjukuu wangu hajawahi hata kulikanyaga geti lake.

Nilimshukuru yule kijana kwa maombi yake, nikairudisha simu dirishani. Mjukuu wangu aliporudi na mitungi, nilimwambia tutandike turubai uani, pojo zimekauka, tuzipure. Nilimpa fimbo ndefu nikachukua fupi. Tukapiga kwa zamu, yeye kisha mimi, maganda yakipasuka.

"Rafiki yako amepiga simu," nikasema. "Anauliza mguu wangu."

Fimbo yake ilibaki juu. Kisha akaishusha taratibu, akaketi pembeni mwa turubai na kuinamisha kichwa.

"Amekuambia nini kingine?"

"Ameniambia kuhusu mwalimu wenu. Piga pojo huku unasimulia. Jua halitungoji."

Akasimulia, akipiga. Siku ya kwanza chuoni, alisema, hakuna aliyemwuliza jina. Waliuliza, "Wewe ni wa wapi?" Mwanzoni alijibu Taita, wakacheka, kwa kuwa hawakuwa wakiuliza nyumbani. Walitaka shule. Waliotoka shule kubwa walikuwa na fulana zao, nyimbo zao, majina waliyopeana wakiwa kidato cha kwanza. Hata wahadhiri wengine walicheza mchezo huo. Mmoja aliingia darasani akaanza kuuliza, "Wangu wako wapi?" na wale waliosoma shule aliyosoma yeye wakasimama na kupigiwa makofi. Mwingine aliwaambia kwamba wamechaguliwa ili watawale wengine, kwa hiyo wazoee.

"Kazi tunafanya kwa vikundi, Nyanya. Ukiwa huna watu wako, unabaki. Nilibaki wiki mbili. Siku moja mtu akaniuliza tena, wewe ni wa wapi, nikataja ile shule. Ilitoka tu. Wakanikumbatia."

"Na wimbo wa shule?"

"Niliujifunza kwenye simu." Akacheka kidogo bila furaha. "Najua hata jina la utani la mpishi wao. Najua mti waliokuwa wakijificha nyuma yake wakati wa mbio za asubuhi. Kila nikitaka kulala, nauliza kichwani nimesahau nini. Niliposikia mwalimu wao anakuja kututembelea, nikasingizia mguu wako, nikaja."

Nikamwuliza juu ya wengine waliotoka shule kama yake. Alisema kuna mmoja chumba cha jirani, kutoka mbali kaskazini, aliyekuwa wa kwanza katika eneo lao lote. Sasa huyo hulala mchana, haendi darasani. Hakuna aliyemfukuza. Aliamua tu mwenyewe kwamba waliompa nafasi walikosea. Nao wale wa shule kubwa, alisema, wanaogopa pia. Huyo aliyepiga simu, matokeo yakitoka, hujifungia chooni kuyafungua, kwa kuwa kwao baba na babu wote walifaulu.

"Basi nihamie Voi, Nyanya," akasema. "Kuna chuo hapa kwetu. Nitaanza upya, na nitakuwa karibu na wewe."

Niliacha kupiga. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba hapo ndipo shauri lote lilipo. Kijana alikuwa karibu kuiacha kazi aliyopewa, tena si kwa sababu imemshinda.

"Watoto wa watu wanasoma pale Voi kwa bidii yao," nikamwambia. "Ungekwenda kwa kupenda, ningekufungia chakula leo. Lakini hutakwenda kuwafanya wao pango la kujifichia. Utarudi ulikotoka, na utasema ukweli."

"Watanicheka."

"Watakucheka."

"Halafu?"

"Halafu utakuwa umechekwa. Peta hizo, upepo umeanza."

Akachukua ungo. Alipeta muda mrefu, makapi yakiruka upande wa banda la mbuzi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Nyanya, hilo swali sikulikuta Nairobi. Nimelizoea kanisani."

Lazima nieleze. Kanisani kwetu, Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, wanafunzi huitwa mbele kuombewa. Kila mmoja hutaja shule anayosoma na watu hupiga makofi. Ni desturi nzuri, na hakuna aliyekaa akapanga iwe vingine. Lakini kidogo kidogo mstari ulijipanga wenyewe. Wa vyuo vikuu hutangulia, wanafuata wa shule za kitaifa, kisha za bweni nyingine, kisha za kutwa. Mwisho wanakuja wale wa chuo cha ufundi cha kijiji, wanaojifunza uashi, ushonaji na umeme. Makofi nayo yalijipanga. Yanaanza na vigelegele, na yakifika kwa wa kutwa yamekuwa ya adabu tu. Wa ufundi waliacha hata kuja mbele. Wakati huo hutoka nje kupanga viti na meza za chai, na sisi husema jinsi walivyo wepesi wa kazi.

"Mimi nilikuwa nalitaja jina la shule yetu kwa sauti ya chini," mjukuu wangu akasema. "Nilipopokelewa chuo kikuu nikapita kutoka mwisho wa mstari hadi mwanzo. Nilikuwa mtu yuleyule, Nyanya. Viatu vilevile."

Tulizoa pojo tukazitia guniani. Usiku ule niliomba, na asubuhi niliamka nikijua la kufanya. Jumapili ya wanafunzi ilikuwa inakuja, na kasisi alikuwa ametuarifu kwamba atakuwa kanisa lingine. Ibada ilikuwa mikononi mwangu.

Jumamosi nilikwenda kwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Ni mstaafu wa reli, mtu mwema, mwenye mzaha mwingi na mkaidi kunizidi. Nilimkuta akipaka rangi kiti. Binti yake alikuwa amechaguliwa kusomea udaktari, naye alikuwa anamtengenezea kiti cha kukalia mbele siku ya kuombewa.

"Karibu, Mama Msomaji. Usiegemee hapo, utatoka na rangi, watu waseme umepandishwa cheo."

"Mzee, kesho nataka tuwaombee watoto bila kutaja shule."

Akaweka brashi chini. "Kwa nini?"

"Wapige magoti wote pamoja. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho."

"Lakini Mama, hao wa mbele ndio wanaowatia wadogo bidii. Mtoto akiona mwenzake anapigiwa makofi, naye anataka."

"Na yule asiyepigiwa anataka nini?"

"Anataka kusoma zaidi."

"Au anataka kutoka nje kupanga viti."

Alinitazama. Aliyajua maandiko kama mimi, pamoja na lile somo la mtu aliyeingia na mavazi mazuri akapewa nafasi nzuri, na mwenye mavazi duni akaambiwa asimame kule. Tumelisoma mwaka baada ya mwaka. Sikuhitaji kumkumbusha, naye akawa mwepesi wa kuona ninakoelekea.

"Mbona hukusema haya mwaka mjukuu wako alipotangulia?" akauliza. "Makofi yalikuwa matamu mwaka ule. Sasa zamu ni ya binti yangu ndipo sukari imeisha?"

Lilikuwa swali la haki. Nilimwambia, "Ni kwa sababu ya mjukuu wangu nimekuja. Nimeona yale makofi yamemfikisha wapi." Zaidi ya hapo sikueleza, maana habari ilikuwa ya kijana, na ni yeye wa kuitoa.

Mzee aliirudia rangi yake. Alipaka mguu mmoja wa kiti, akapaka wa pili. "Mke wangu hatafurahi," akasema mwishowe. "Na mimi sifurahi. Lakini ibada ni yako. Utasimama wewe, na ukiulizwa utajibu wewe."

"Nitajibu."

Jumapili kanisa lilijaa. Baada ya mahubiri niliwaita wanafunzi wote mbele. Wa vyuo vikuu wakaanza kujipanga kama kawaida. Kile kiti kipya kilikuwa kimewekwa karibu na meza, na binti wa mwenyekiti alikuwa amesimama kando yake, hajui akikalie au asikikalie. Nikasema, "Hatutajipanga leo. Njooni tu, mpige magoti hapa, mahali popote." Kisha nikangoja.

Wa ufundi walikuwa nje. Kupitia mlango wa pembeni niliwaona wakikunjua meza. Nikamtuma mzee mmoja awaite, akarudi akisema wanamaliza.

"Tutawangoja," nikasema.

Ukimya wa kanisa lililojaa ni mrefu. Watu walianza kukohoa. Mtoto mchanga alilia akanyamazishwa. Mpiga kinanda, kwa kudhani nimesahau, alianza wimbo, nikamwinulia mkono akaacha. Mwisho wakaingia mmoja mmoja, wakipangusa mikono kwenye nguo. Aliyetangulia ni msichana anayejifunza uashi, mwenye saruji iliyokauka kwenye kiatu. Hakujua apige magoti wapi, kwa kuwa mbele pale hapakuwa na mahali alipozoea. Mjukuu wangu akasogea kumpa nafasi, na binti wa mwenyekiti akakiacha kiti, akaja akapiga magoti upande wake wa pili.

Kutoka nyuma babu mmoja, ambaye masikio yake yamechoka na kwa hiyo husema kwa sauti kubwa, akauliza, "Mbona hawataji shule? Tutawaombea vipi bila kujua wako wapi?"

"Mungu anakujua huko kuliko ramani," nikamjibu. "Anaweza kufika."

Watu wakacheka, na kicheko kikafungua vifua. Nikaomba. Niliombea vichwa vyao na mikono yao, na niliomba kwamba popote watakapoulizwa wao ni nani, wapewe nguvu ya kujibu. Sikumtazama mtu. Wakati wa chai mke wa mwenyekiti alimimina vikombe vya wote akanipita, nikajimiminia mwenyewe. Chai ilikuwa nzuri vilevile. Tulipatana baadaye, lakini ilichukua muda, na sikuharakisha.

Jioni mjukuu wangu alikuja jikoni nikiponda kimanga, mihogo na maharage, chakula anachokipenda. Akasimama mlangoni.

"Nitarudi kesho," akasema. "Nitawaambia mimi mwenyewe, kabla hawajajua kwa njia nyingine."

"Vema."

"Nyanya, nipe lile sweta. Nitalivaa. Nikiingia nalo kwenye kikundi, wataona beji, sitahitaji kusema mengi."

Nililitazama sweta langu pale kwenye msumari. Kiwiko nimekishona mara nyingi, na mfuko bado una ganda la pojo.

"Hapana," nikasema. "Hilo ni langu sasa, nalivaa shambani. Wewe una mdomo."

Kwanza alifikiri natania. Alipoona narudi kuponda, alitabasamu, tabasamu la kweli la kwanza tangu aje, akanipokea mwiko akaponda yeye.

Nilimsindikiza hadi stesheni ya Voi. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu, na tulikaa kwenye baraza tukiangalia abiria wakikaguliwa mizigo. Alikuwa amebeba pojo kwenye mfuko, za yule rafiki aliyeniombea. Kabla hajaingia, aliinamisha kichwa nikamwekea mkono, palepale mbele ya watu, na hakuona haya. Askari wa mlango alisubiri tumalize.

Alinipigia siku ya tatu.

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Walicheka, kama ulivyosema. Mmoja akaniambia niwaimbie tena ule wimbo, eti naujua kuliko wao. Wawili hawanisalimii. Lakini huyu rafiki yangu, Nyanya, habari ya shule hakuijali sana. Alikasirika kuhusu mguu wako. Alisema alifunga kula siku nzima kwa ajili ya mguu ambao ulikuwa mzima."

"Ana haki. Umemwomba msamaha?"

"Nimemwomba. Pojo amezichukua, ila bado hasemi nami vizuri."

"Mpe muda. Na mimi nitampigia, nimshukuru kwa kufunga. Hakuna maombi yaliyopotea, mguu wangu una miaka mingi."

Kikundi kilimtoa, kama alivyoogopa. Kulikuwa na mashindano ya mahakama ya mazoezi, ambapo wanafunzi husimama wakatetea kesi kama mawakili, na ukitaka jina katika chuo kile lazima ushiriki. Alikwenda akabisha hodi chumba cha jirani, kwa yule anayelala mchana. Alibisha asubuhi, akabisha tena kesho yake, mpaka yule akaamka kwa kuchoka kubishiwa. Wakapata na msichana mmoja aliyekuwa amebaki bila kikundi. Wakajiandaa pamoja. Siku ya mashindano niliwasha mshumaa mdogo mezani, nikakaa na simu mapajani nikiimba polepole.

Ilipolia, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Nyanya, tumeshindwa. Raundi ya kwanza tu."

"Mlisimama?"

"Tulisimama. Jaji alituuliza kwanza tumetoka shule gani."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia. Shule ya kutwa, chini ya Kasigau. Akaniuliza Kasigau ni wapi, nikamweleza. Halafu nikaendelea na kesi." Nilimsikia akimwambia mtu mwingine kule chumbani apishe kiti. "Jirani yangu alitetemeka mwanzoni, lakini hoja yake ya mwisho ilikuwa nzuri sana. Hata jaji aliiandika."

"Mungu awabariki wote watatu. Na kesho?"

"Kesho tuna darasa saa mbili. Huyu nimemwambia nitambishia hodi saa moja."

Nilizima mshumaa, nikalala. Muhula uliofuata, kabla ya shule kufunguliwa, mwenyekiti alinijia na kusema baadhi ya wazee wanataka shule zirudi kutajwa, kwa kuwa wageni watakuwepo. Nilimwambia wageni nao wapige magoti. Alikuna kichwa, akaenda kuwaambia.